Kubana Si Kuuma: Jinsi ya Kupata Helmeti ya Uso Mzima Inayokukaa

Helmeti yangu ya kwanza ya uso mzima niliichagua kwa macho. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, na nilipoijaribu iliingia kichwani kirahisi kama kofia ya kawaida. Muuzaji akaniuliza kama imenikaa. Nikaitikia kwa kichwa, nayo ikachezacheza kidogo, nikadhani hiyo ndiyo raha yenyewe. Siku chache baadaye nikasafiri nayo kwa saa mbili. Kila nilipopita kilomita 80 kwa saa upepo uliinyanyua, mkanda ukanikaba koo. Nikigeuka kutazama nyuma, kichwa kilitangulia, helmeti ikafuata. Nikaiweka kando, nikanunua nyingine, saizi moja chini. Hiyo nayo ikanipa adhabu ya aina yake. Baada ya dakika 40 paji la uso lilikuwa linawaka, kana kwamba mtu amelikandamiza kwa kidole gumba na amekataa kukiondoa. Nilipoivua nikajitazama kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki: alama nyekundu, ya mviringo, ukubwa wa sarafu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba makosa yale mawili yalikuwa kosa moja. Mara zote mbili nilinunua saizi, sikujiuliza chochote kuhusu umbo.

Wengi tukisikia helmeti nzuri kuvaa tunawaza ulaini, na tunaichukulia starehe kama nyongeza ya mwenye pesa, wakati usalama ni jambo jingine. Kwa helmeti ya uso mzima mambo haya mawili hayatengani. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalionyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Lakini faida hiyo ni ya helmeti iliyovaliwa, ikafungwa, ikabaki mahali pake. Helmeti inayouma huachwa nyumbani kwa safari fupi, hulegezwa mkanda, husukumwa nyuma hadi paji la uso liwe wazi. Ile iliyo kubwa haihitaji hata kusukumwa, maana inahama yenyewe.

Kinacholegea na kisicholegea

Ukiielewa helmeti ndani, nusu ya maswali ya dukani yanajibika. Nje kuna ganda gumu, la plastiki au la faiba iliyochanganywa na vitu vingine kama kaboni. Kazi yake ni kuzuia kitu chenye ncha kisipenye, na kulisambaza pigo lisiangukie sehemu moja. Chini ya ganda kuna povu gumu la polistirini, jamii moja na lile jeupe linaloshikilia televisheni mpya ndani ya boksi lake. Hili ndilo linalookoa ubongo: likipigwa linabonyea na kupondeka, na katika kupondeka huko linameza nguvu ambayo ingefika kichwani. Wazo hili lina umri. Mwaka 1953 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California waliomba hataza ya helmeti yenye tabaka la ndani la kufyonza pigo, na hadi leo msingi ni uleule. Povu hilo likishapondeka halirudi, na ndiyo sababu helmeti iliyopata ajali haivaliwi tena hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Tabaka la tatu ndilo ngozi yako inalolijua: sponji iliyofunikwa kitambaa, kwenye mashavu, utosini na shingoni. Sponji hii kazi yake kubwa ni kukufanya ukae vizuri.

Sasa shika tofauti moja, kwa sababu kila kitu kinarudi hapo. Sponji hulegea. Baada ya wiki chache za kuvaa, ile ya mashavuni hukandamizika ikafuata uso wako. Povu gumu halilegei kwa kuvaliwa, liwe la mwezi mmoja au la miaka mitano. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "itaachia tu, utaizoea", anaweza kuwa anasema kweli au anakupoteza, na itategemea ni tabaka gani linakugusa. Mashavu yakikubana mpaka midomo inachongoka kidogo, hiyo ni sponji, itaachia. Ukisikia kitu kigumu kimekaa juu ya paji la uso au kinachimba juu ya sikio, hilo ni povu, na utateseka nalo mpaka siku utakapoitupa.

Kubana ni kushikwa pande zote kwa nguvu sawa. Kuuma ni kushikwa mahali pamoja. Kubana kuvumilie, tena kutafute, lakini kuuma usikubali hata dakika moja.

Futi haioni umbo

Chukua kamba, ifunge mwisho kwa mwisho iwe na mzunguko wa sentimita 58. Ilaze mezani uipange iwe duara: itakuwa na upana wa takriban sentimita 18 na nusu kila upande. Sasa ivute kidogo iwe na umbo la yai: urefu sentimita 20 hivi, upana 17. Kamba ni ileile, mzunguko uleule. Weka kichwa cha yai ndani ya lile duara: mbele na nyuma kitagonga, pembeni kutabaki nafasi. Fanya kinyume chake, na panja zitabanwa kama kwenye koleo huku paji la uso likielea.

Hivi ndivyo watu wawili wenye saizi moja wanavyoweza kuvaa helmeti moja, mmoja akaisifu na mwingine akashindwa kumaliza nayo saa moja. Watengenezaji huzungumzia maumbo matatu hasa: yai refu, yai la kati, na duara. Helmeti nyingi zinazouzwa duniani ni za yai la kati, kwa hiyo wenye kichwa cha kati hawajui hata kama tatizo hili lipo. Sisi wengine tunalijua kwa maumivu.

Kujua umbo lako ni kazi ya dakika mbili. Lowesha nywele uzilaze, au zibane vizuri, kisha mwombe mtu asimame juu ya kiti akupige picha ya utosi. Tazama picha kutoka puani kwenda kisogoni, halafu kutoka sikio hadi sikio. Nilipoiona yangu nilishangaa. Miaka yote nilijiona nina kichwa cha mviringo, kumbe ni kirefu kama embe. Alama ile ya paji la uso ikapata maelezo papo hapo.

Saizi nayo ipime kweli, usikisie. Tumia futi laini ya fundi cherehani. Ipitishe sentimita mbili na nusu hivi juu ya nyusi, juu ya masikio, hadi sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi. Pima mara tatu, uchukue namba kubwa. Kwa kawaida 57 hadi 58 huitwa M na 59 hadi 60 huitwa L, lakini herufi hizo hazina mamlaka, kila kiwanda kina jedwali lake, na M ya huyu inaweza kuwa L ya yule. Fuata sentimita. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, anza na ndogo.

Pima ukiwa na nywele unazoendesha nazo. Misuko minene, kilemba chepesi au kitambaa cha kichwani hubadilisha kila kitu, na helmeti iliyokukaa ukiwa umesuka italegea siku utakapofumua. Kama mtindo wako hubadilika mara kwa mara, chagua helmeti kwa hali ile ambayo kichwa ni kidogo zaidi, kisha siku za helmeti usisuke mafundo ya juu. Najua si ushauri mtamu. Lakini fundo la nywele utosini huinua helmeti nzima, na helmeti iliyoinuka hailindi pale ilipoundwa kulinda.

Dakika tano za kwanza, na 40 zinazofuata

Kuivaa kwenyewe kunakupa habari. Shika mikanda miwili, ivute nje kutanua mdomo wa chini, anza na paji la uso kisha shusha nyuma. Inapaswa kukataa kidogo. Masikio yakunjike njiani, uyarekebishe kwa kidole. Ikishuka bila upinzani wowote, irudishe, ni kubwa. Ikikaa, utosi uguse bitana, mashavu yasukumwe juu kidogo, na ukijaribu kutafuna uhisi unakaribia kuuma nyama za ndani ya shavu. Kidole kisipite kati ya paji la uso na bitana. Kidevu, midomo na pua visiguse kabisa taya ya helmeti, yaani ile sehemu inayopita mbele ya kidevu. Ikiwa vinagusa, umbo si lako.

Halafu ishike taya kwa mkono, uigeuze kulia na kushoto huku kichwa kimetulia. Ngozi ya paji la uso na mashavu inapaswa kwenda pamoja nayo. Ikiteleza juu ya ngozi, ni kubwa. Jaribio la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote, na ni wachache wanaolifanya: funga mkanda barabara, weka mikono kwenye ukingo wa nyuma chini, kisha jaribu kuiviringisha mbele ili ivuke kichwa. Ikivuka, hata iwe na sifa gani, siku ya ajali itaruka kabla hujafika chini. Mkanda upite chini ya taya lako, ukaze bila kukukaba koo. Kama kifungio ni pete mbili, kila ukifunga unakaza upya. Kama ni cha meno ya kubofya, kikaze tena baada ya wiki kadhaa, maana sponji itakuwa imepungua na mkanda utakuwa umelegea bila wewe kujua.

Baada ya hapo usiivue. Keti. Dakika tano za dukani hazitoshi, kwa sababu povu linalochimba huchelewa kuuma. Nusu saa ndiyo kiwango cha chini, na 40 ni bora. Kama duka haliruhusu, uliza kabla ya kulipa kama unaweza kurudisha, kisha ivae nyumbani na lebo zake zote, bila kutoka nje. Osha vyombo, pokea simu, fanya chochote kitakachokusahaulisha. Ukivua, nenda kwenye kioo. Wekundu hafifu uliosambaa mashavuni hauna neno. Doa jekundu la peke yake kwenye paji la uso, au maumivu yanayopiga juu ya masikio, ni jibu tosha.

Kama kosa ni dogo, lina dawa. Watengenezaji wengi huuza sponji za mashavu za unene tofauti, na baadhi pia bitana za utosi. Kichwa kilichokaa vizuri lakini chenye mashavu membamba kinaweza kuokolewa kwa sponji nene, na kinyume chake. Ila kuna "dawa" moja ninayoipinga kwa nguvu zangu zote: kulibonyeza povu gumu kwa mgongo wa kijiko au kulichonga kwa kisu ili lisiume. Pale ulipobonyeza ndipo umelimaliza povu kabla ya ajali. Kichwa kikigonga hapo, hakuna kitakachopondeka tena isipokuwa mfupa.

Wenye miwani waende nayo dukani. Helmeti nyingi zina mfereji mdogo kwenye sponji karibu na panja, mikono ya miwani ipite moja kwa moja. Vaa helmeti kwanza, kisha ingiza miwani. Ikiwa inapinda au inakandamiza mfupa nyuma ya sikio, utaumwa kichwa na utailaumu helmeti nzima.

Uzito, upepo, kelele, joto

Helmeti nyingi za uso mzima zina uzito wa kati ya kilo 1.3 na 1.7. Kichwa chenyewe kina kama kilo 5. Gramu 100 mkononi hazisikiki, ila shingoni baada ya saa tatu unazijua. Pamoja na hayo, msawazo una uzito kuliko mizani. Helmeti inayovuta mbele itakuchosha haraka kuliko nyingine nzito kidogo iliyotulia juu ya shingo. Hapa kuna swali ambalo wauzaji wengi hawalitegemei: kiwanda hiki kinatumia maganda mangapi kwa modeli hii? Wengine hutengeneza ganda moja au mawili kwa saizi zote, wakajaza ndani. Mwenye kichwa kidogo anajikuta amebeba ganda la mtu mwingine. Maganda matatu au zaidi ni dalili nzuri.

Jaribu helmeti katika mkao wako wa kuendesha. Anayeinama kwenye pikipiki ya mbio anahitaji kuona juu. Akiinua macho akakutana na ukingo wa dirisha, itambidi akunje shingo safari nzima. Anayekaa wima hatalijua tatizo hilo, ila upepo utampiga kifuani na chini ya kidevu. Na kabla hujailaumu helmeti kwa kutikiswa na upepo, chunguza kioo cha mbele cha pikipiki yako. Mara nyingi ndicho kinachomwaga upepo uliovurugika usawa wa kichwa. Kwenye barabara nyoofu na tupu, jiinue kidogo juu ya kiti. Kelele ikipungua ghafla, mkosaji ni kioo.

Kelele yenyewe si ya kudharau. Katika mwendo wa barabara kuu, kilomita 100 kwa saa na zaidi, sauti ya upepo ndani ya helmeti inaweza kufika dekibeli 100, hata helmeti ikiwa nzuri. Kwa kiwango cha taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, dekibeli 100 ni za dakika 15 tu kwa siku. Pedi inayoziba vizuri chini ya taya na shingoni husaidia, lakini suluhisho halisi ni vizibo vya masikio. Wapo wanaoogopa kwamba helmeti ya uso mzima itawazuia kusikia au kuona hatari. Harry Hurt na wenzake, wa chuo kilekile cha Southern California, walichunguza ajali zaidi ya 900 za pikipiki na kutoa ripoti mwaka 1981. Hawakupata helmeti kuwa chanzo cha ajali kwa kuzuia sauti, kuziba macho wala kuchosha.

Kuhusu joto, usihesabu matundu ya nje. Vua bitana, tazama ndani. Tundu la kweli linapenya ganda na povu, kisha linaendelea na mfereji juu ya utosi hadi kutokea nyuma. Nimeona helmeti zenye midomo ya hewa ya kuvutia ambayo kwa ndani imegota kwenye povu. Vifungulio vijaribu ukiwa umevaa glavu.

Ukungu kwenye kioo cha helmeti unatokana na pumzi yako kukutana na kioo baridi. Kitambaa cha kuzuia pumzi puani kinasaidia, na karatasi ya ndani ya aina ya Pinlock, ambayo huweka tabaka la hewa katikati kama dirisha la vioo viwili, inasaidia zaidi. Kioo kiwe na hatua ya kufunguka kidogo sana, upana wa uzi tu, na kibaki hapo bila kudondoka.

Rangi ningeiacha, isipokuwa kwa jambo moja. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, ukachapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba waliovaa helmeti nyeupe walikuwa na uwezekano mdogo wa kuumia kwa asilimia 24 kuliko waliovaa nyeusi. Nikikumbuka ile nyeusi yangu iliyong'aa, najua niliyotazama na ambayo sikutazama.

Lebo zinasema nini

Alama za viwango hazikuambii kama helmeti itakukaa. Zinakuambia kama unashughulika na helmeti kweli au na bakuli lililopakwa rangi. Kiwango cha Umoja wa Mataifa, ECE, kina herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, kwenye lebo iliyoshonwa mkandani. Namba hiyo haimaanishi ubora. Kinachofaa kutazamwa ni toleo: 22.06 limechukua nafasi ya 22.05, na limeongeza majaribio ya pigo la mshazari linalokizungusha kichwa, aina ya pigo linaloumiza sana ubongo. DOT, alama ya kiwango cha serikali ya Marekani, hutangazwa na mtengenezaji mwenyewe, serikali hununua baadhi madukani na kuzipima baadaye. Ndiyo maana stika yake peke yake hubandikwa hovyo na walaghai. Snell, alama ya taasisi binafsi ya Marekani, ni ya hiari, imekuwepo tangu 1957, na inahitaji sampuli kupimwa kwanza. Serikali ya Uingereza nayo ilianzisha mwaka 2007 mpango wa SHARP, unaozipa helmeti nyota moja hadi tano, na kilichowashangaza wengi ni kwamba helmeti za bei ya kawaida hupata nyota nyingi, na za bei kubwa wakati mwingine huachwa nyuma.

Hata bila kusoma lebo, ingiza kidole gumba ndani. Povu gumu la unene wa kama sentimita mbili na nusu ndilo unalolitafuta. Ukikuta sponji laini kisha ganda moja kwa moja, ondoka.

Ya kurithi au ya mitumba nisingeivaa, kwa sababu historia ya povu haionekani, na sponji zake tayari zina uso wa mtu mwingine. Hata iliyo yako mwenyewe, miaka mitano ndiyo muda ambao Snell na watengenezaji wengi wanapendekeza. Katika muda huo usiitundike juu ya kioo cha pembeni, ncha yake inachimba povu. Usiisafishe kwa petroli wala thina, maji ya vuguvugu na sabuni laini yanatosha.

Helmeti yangu ya tatu ni ya yai refu, nyeupe, na haina mvuto wowote kwenye picha. Siku ya kwanza mashavu yalibanwa mpaka nikawa natamka maneno vibaya. Wiki ya tatu yaliachia. Safari ya kwanza ndefu nayo ilikuwa ya saa mbili na nusu, njia ileile ya siku ile ya alama nyekundu. Nilifika, nikashuka, nikasimama kivulini na rafiki yangu tukaanza kuzungumza juu ya mnyororo wa pikipiki yake. Ilipita kama robo saa ndipo akaniuliza kwa nini bado nimevaa helmeti.